Gitaa Jeusi la Shinyanga

Jumatatu, 1 Septemba

Nimesaga mahindi mashineni tangu alfajiri. Pumba puani, pumba masikioni. Jioni mazoezi ya bendi, ukumbi wa hapa hapa Nyahanga. Kichefuchefu kimeanzia huko.

Gitaa letu la besi limekufa. Jumamosi mshenga mlevi alilikalia, shingo ikakatika. Gitaa ambalo nililipiga Ushirombo mpaka misumari ya bati ikang'oka. Mashahidi wapo watatu, ingawa wawili wamehamia Mwanza.

Masanja, kiongozi wa bendi, katangaza: harusi ya Geita mwisho wa mwezi wanataka fanki. Besi ya kuchapa. Dole gumba linapiga uzi, kidole kinauvuta mpaka unalia kama mjeledi. Mimi nitafute gitaa linalofaa, lisizidi laki tano, maana mimi ndiye mtaalamu. Na nisipouweza huo mtindo, nafasi yangu anachukua Rehema, binti wa dada yangu, anayepiga besi kwenye kwaya.

Nikawaambia mtindo huo niliufundisha mimi Dar, wajanja wakaubadilisha jina. Wakaamini. Watu wanaoamini kila kitu nao wananichefua.

Jumanne, 2 Septemba

Kahama mjini, maduka mawili. Uchafu mtupu. Gitaa jekundu, rangi inabanduka kwa ukucha. Jepesi kama muhogo mkavu. Nyuzi ziko juu, kifaranga anapita chini bila kuinama. Vyuma vya shingoni vinakwaruza kiganja kama bati lililokatwa vibaya. Muuzaji anatafuna muwa, ananiambia, "Mzee, hili linapiga muziki wowote." Nikamjibu hata sufuria linapiga muziki wowote.

Sasa la kweli, maana hapa nasoma peke yangu. Dole gumba langu la kulia halikunjiki. Watu wanajua ni mwamba wa Geita, niliuzuia kwa dole shimoni ili wenzangu wanne watoke. Kila mwaka wenzangu wanaongezeka. Sasa wamefika tisa. Mwamba haukuwepo.

Besi ya kawaida napiga, vidole viwili vinatosha. Kuchapa siwezi. Nimejaribu kwenye ubao wa kitanda. Dole linatua kama ndizi iliyoiva. Aibu inanuka.

Jumatano, 3 Septemba

Shinyanga. Masanja kanilazimisha niende na Rehema. Binti kanibebea mpaka maji ya kunywa. Hilo nalo limeniudhi.

Duka la Bwana Karimu. Ukoo wao uko pale tangu pamba ilipokuwa pamba. Vitenge mbele, vyombo vya muziki nyuma. Akatoa gitaa jeusi, nyuzi nne. Nikalilenga kwa jicho moja kama bunduki: shingo imenyooka. Nyuzi ziko chini, na kati yake kuna nafasi, dole linaingia na kutoka. Bega halichoki. Laki nne na nusu. Nikatafuta kasoro kama mtu anayetafuta nywele kwenye ugali. Nikaipata. Mgongoni kuna kijumba cha betri.

"Hili ni gitaa au tochi?" nikapaza sauti.

"Betri inaongeza nguvu ya sauti, mzee wangu," akasema Karimu. "Tochi wanauza jirani."

Wateja wakacheka. Nikachapa. Pu. Tena. Pu. Nikasema gitaa limekufa. Rehema akalichukua, akachapa, likalia mpaka akina mama waliokuwa wakichagua vitenge wakageuka.

"Mjomba, mbona linaitika?"

"Linaitika dukani, mayu, mama yangu. Jukwaani litakuaibisha."

Nikamtoa nje. Nilichukia gitaa, nikachukia betri, nikauchukia mkono wake.

Ijumaa, 5 Septemba

Masumbwe, peke yangu. Broka mmoja wa dhahabu alinunua besi siku mambo yalipomnyookea, akaitupa stoo. Nzito kama gogo. Ndani ya mkoba kiota cha panya, na mikojo yao. Nyuzi zina kutu. Shingo imepinda, pale katikati kidole kizima kinapita chini ya uzi.

Nimeichukua. Kanipa nikaijaribu, tukikubaliana ndiyo nilipe.

Nilijua ninachofanya. Hii hakuna binadamu wa kuichapa. Rehema akishindwa, Masanja atarudi kwenye rumba, na rumba ni yangu. Nimenawa mikono mara tatu. Si kwa sababu ya panya.

Jumamosi, 6 Septemba

Mazoezi. Nikaisifia besi ile. Mti wa zamani, chuma cha Ujerumani, hazitengenezwi tena. Ulimi wangu haukukwama hata mara moja. Masanja akampa Rehema aanze.

Akachapa mara tatu. Ya nne ngozi ya dole ikachanika. Damu ikatiririka shingoni mwa gitaa.

"Bebe, wewe binti, si ulituambia unaweza?" Masanja akamfokea.

Rehema akajifunga leso. Akasema gitaa halina kosa, mjomba ndiye anayejua magitaa, mkono wake bado mbichi. Akawaomba wote radhi. Na mimi akaniomba.

Machimboni niliona watu wakiuza shaba wakiita dhahabu. Niliwatemea mate. Leo sina mate.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeirudisha besi Masumbwe. Kutoka huko moja kwa moja kwa Masanja. Nikamwambia besi ile ni mbovu, na nilijua ni mbovu. Gitaa ni lile jeusi la Shinyanga. Apige Rehema. Mimi kuchapa siwezi, sijawahi kuweza.

"Kwa hiyo binti kachanika na wewe unatazama."

Nikasema ndiyo.

Hakutukana. Bora angetukana. Akasema zikija rumba ataniita. Rumba kwenye harusi ile ni mbili.

Jumatano, 10 Septemba

Saa tisa mchana umeme ulikatika, mashine ikanyamaza. Rehema akaja na gitaa jeusi, Masanja kalinunua jana, plasta kwenye dole. Masanja kamwambia yote, nilijua kwa jinsi alivyoniamkia, shikamoo fupi. Nikaitikia marahaba. Akakaa juu ya gunia la mahindi.

Akaniuliza kama kweli dole langu liliharibiwa na mwamba.

Nikamwambia hapana. Ni mkanda wa mashine hii hapa. Nilikuwa nawaonyesha wateja kwamba naweza kuusimamisha kwa mkono.

Hakucheka. Hakunipa pole. Akachapa polepole kwa ubavu wa dole, kwa sababu ya kidonda. Kila pigo likatua mahali pake. Nikatafuta cha kuchukia, sikukipata.

Akauliza uzi mnene unasikikaje.

Nikasema umelegea kidogo.

Akaukaza.