Oili Iliyonyamazisha Lori la Maji

Newala, Jumamosi.

Kuanzia Masasi mpaka Ruvuma hakuna dereva mwenye bahati kama mimi! Nimenyoosha mkono dukani mara moja tu, nikaacha oili nyepesi nikashika nzito, na injini imenyamaza.

Maana lori hili la maji lilikuwa linagonga kama bunduki. Kila nikipanda nalo mlima, watu walidhani Wareno wa Msumbiji wamevuka mto, wakatupa ndoo na kukimbilia handakini. Mwenyekiti akaniambia, "Likigonga tena, usilete maji huku." Sasa Newala wangekunywa nini? Umande?

Leo nimefika hakuna aliyekimbia. Mama Zuhura alikuwa amenipa mgongo kwenye foleni ya ndoo. Nikapiga honi, akaruka.

"Baba Saidi! Lori umelisukuma, au?"

"Sema polepole, Mama Zuhura, injini imelala."

Foleni nzima ikacheka. Nikajiona waziri.

Lakini bahati niliyoandika hapo juu ni uongo. Hii ni oili ya tatu. Ile ya pili, juzi, haikuzuia mgongo wa injini, ikamtumbukiza Mama Zuhura handakini na mtoto mgongoni, na leo mlima wote nimeupanda nikitega sikio.