Pikapu Ndogo Aliyoniachia Erasmus

Kawajense, Mpanda

Kwako wifi Fausta,

Natumaini huko Sumbawanga mnaendelea vizuri. Sisi tu wazima, na mwaka huu mpunga umekubali.

Umeniomba nimsamehe kaka yako Erasmus. Tulipomaliza matanga ya mume wangu Ponsian, kati ya pikapu mbili alizoacha marehemu, Erasmus aliichukua ile kubwa mbele ya ukoo mzima akasema, "Shemeji, mwanamke inamtosha hii ya injini ndogo." Nyie mkacheka.

Basi nikajifunza kuendesha, nikaanza kubeba mizigo ya watu kama yeye. Ndogo inapanda vilima polepole na inabeba magunia machache, lakini dizeli inayonipeleka Sibwesa na kunirudisha sokoni Kashaulili, kwake haimalizi hata safari ya kwenda. Nikashusha bei ya kubeba mzigo makusudi. Nilijua asiposhusha atakosa wateja, na akishusha injini yake itammaliza. Akashusha. Sasa pikapu yake imelala uani, tangi kavu.

Jumatatu alikuja kuniomba udereva. Nikamwambia, "Shemeji, dereva ni mimi. Kazi iliyopo ni kupakia."

Akavua shati. Alipakia mpunga nikiwa nimekaa kwenye usukani, namtazama kwenye kioo akihema. Nilidhani nitamwonea huruma, maana wana sura moja na Ponsian. Sikumwonea, wifi. Nilimwambia alipange upya gunia la juu, ingawa lilikuwa limekaa sawa.

Kesho anapakia tena.

Wasalimie watoto.

Mimi wifi yako,
Pudensiana