Fomu Zetu Zilizofungiwa Karanga

Nyumbani, kwenye meza ya jikoni,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba yale maumivu ya mgongo uliyotuandikia yamepungua. Usiinamie cherehani kutwa nzima, jambo ambalo wewe mwenyewe unawakataza wanafunzi wako. Baba ndiye aliyesema nikuandikie hivyo. Sisi huku hatujambo. Mama amepona mafua. Bibi bado anaikataa miwani mipya, anasema inamwonyesha vumbi ambalo zamani halikuwepo.

Sasa naomba unisamehe, maana barua hii ina hasira. Nimeisubiri ipoe tangu wiki iliyopita, lakini kila nikiipuliza inawaka.

Uliwahi kunieleza unavyofundisha ushonaji chuoni kwako: kila Ijumaa mwanafunzi anakuandikia kwenye kijikaratasi jambo moja ambalo hakulielewa, nawe Jumatatu unaanzia hapo. Nilidhani kila shule inafanya hivyo. Kwa hiyo mwezi uliopita mwalimu wa taaluma alipoingia darasani na fomu za maoni kuhusu somo la kemia, nilifurahi kama mtu aliyeona barua yako. Alituambia tusiandike majina, tuandike ukweli, kwa kuwa maoni yetu ndiyo yatakayoboresha somo. Tulijaza kipindi kizima. Wengine waligeuza karatasi wakaendelea nyuma.

Ukweli wenyewe ulikuwepo, Shangazi, tena mwingi. Tulikuwa tumetoka kufanya jaribio ambalo swali la nne peke yake lilikuwa na alama arobaini kati ya mia. Mimi ndiye kiranja wa darasa, mimi ndiye niliyegawa karatasi zilizosahihishwa. Tuko arobaini na mmoja, na thelathini na watatu walipata sifuri kwenye swali hilo hilo. Mwalimu wa kemia alisema, "Mmenisikitisha," akafuta ubao, akaanza mada nyingine. Huyu tunamwita Bwana Twende, kwa sababu kila baada ya dakika kumi anauliza, "Tumeelewa?" Sisi tunaitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!" Naye anasema, "Twende."

Wiki moja baada ya fomu, tangazo likabandikwa nje ya ofisi. Mstari wa kwanza ulisema wanafunzi wameonyesha kuridhika na ufundishaji wa kemia. Mstari wa pili ulisema waliopata chini ya alama thelathini wataondolewa kwenye mkondo wa sayansi mwisho wa Juni. Chini yake yakafuata majina kumi na tisa. La saba lilikuwa la Sindano, rafiki yangu mwembamba ninayekaa naye dawati moja. Unamjua, ndiye aliyekula nyama zote za harusi ya kaka na bado hakunenepa. Tangu darasa la tatu anasema atakuwa mkunga. Bila kemia, hakuna kozi ya ukunga itakayompokea. Alilisoma jina lake mara mbili, kisha akaniuliza kama nina kalamu ya ziada, kana kwamba ndicho tulichoendea pale.

Jumamosi ile tulitoka masomo ya ziada tukanunua karanga kwa mama anayeuza langoni. Nikala zangu, nikakunjua karatasi ili nizikung'ute zilizobaki chini. Nikaona maandishi: "Swali la nne sikuliweza kwa sababu hatujafundishwa kubadili gramu kuwa moli. Tuliruka. Naomba turudie." Nilimtazama Sindano. Naye alikuwa anaitazama karatasi. Yalikuwa maandishi yake.

Shangazi, nilihisi masikio yanachemka. Mama wa karanga hana kosa. Alisema tarishi wa ofisi ndiye aliyempa bunda zima, akamwambia hizo zimeshamaliza kazi. Kazi gani? Nani alizisoma? Fomu zilikuwa zimenyooka, hazina hata alama ya kalamu nyekundu, na zilizokuwa katikati ya bunda zilikuwa bado zimeshikana na kile kibanio alichokifunga mwalimu wa taaluma mbele ya macho yetu. Mtu akikuuliza unaumwa wapi kisha akaondoka kabla hujajibu, si afadhali asingekuuliza?

Nikamwomba yule mama anirudishie. Akashika kiuno. "Na mimi nifungie nini, mwanangu? Viganja?" Nikampa madaftari yangu matatu ya historia ya mwaka jana. Akayapekua akasema, "Haya, angalau haya yameandikwa vizuri."

Tulipata fomu thelathini na sita. Nyingine zilikuwa zimeshaliwa na mji. Tulizitandaza hapa mezani, Baba akatusaidia kupiga mistari, na mikono yake ya gereji ikaacha alama za grisi pembeni. Ishirini na tano zilisema jambo moja: gramu na moli, turudie. Baba akasema, "Mteja akiniletea gari akasema breki zinalia, siandiki kwamba ameridhika. Naingia chini ya gari."

Kumi na moja zilisema somo ni zuri. Sindano alizisoma kwa sauti ya kuigiza, tukacheka, tukaziita fomu za waoga. Ya tisa ilikuwa na herufi za duara zilizosimama wima, zile ulizonifundisha wewe kabla sijaanza shule. "Mwalimu anafundisha vizuri. Darasa letu halina tatizo lolote."

Sikuwa na pa kujificha. Mimi moli nazielewa, binamu alinifundisha likizo. Nilipata sabini na moja. Nilipoandika yale nilikuwa nafikiria ukiranja wangu, nikawasemea watu arobaini ambao hawakunituma. Sindano aliiweka pamoja na zile kumi, akasema tu, "Hesabu ni hesabu, Bi Maswali." Afadhali angenizaba kofi.

Jumatatu tulimfuata Bwana Twende mlangoni mwa maabara na jedwali letu pamoja na fomu zenyewe. Alilisoma amesimama, macho yakawa mekundu. "Nani kawaruhusu kusoma fomu hizi?"

"Karanga, mwalimu," Sindano akajibu.

Nilidhani tumekwisha. Lakini alikaa juu ya stuli akasoma fomu moja moja, zote, hata yangu. Kumbe hajawahi kuonyeshwa hata moja! Lile tangazo alilikuta ukutani kama sisi. Alisema, "Kila siku nawauliza kama mmeelewa. Kila siku mnaniitikia. Mlitaka nijue kwa ramli?" Lilinichoma, kwa sababu kiitikio hicho huanzishwa na mimi. Lakini bado namlaumu, Shangazi. Karatasi thelathini na tatu zenye sifuri mahali pamoja ni maoni tayari, tena alizisahihisha kwa mkono wake. Chungu kikisusiwa na wageni wote, mpishi huonja.

Alikwenda ofisini siku hiyo hiyo. Mwalimu wa taaluma akamwambia ripoti imeshapelekwa na orodha haibanduki. Mpaka leo iko pale, na ule mstari wa kuridhika juu yake, na kila nikipita natamani kuuchana. Kitu pekee alichokubaliwa ni kuifundisha mada upya na kutoa jaribio jingine tarehe 21, alama zake zihesabiwe kabla orodha haijatiwa sahihi. Zimebaki siku kumi na mbili. Sindano anabadili gramu kuwa moli hata kwenye paketi ya chumvi.

Naomba unitumie mfano wa vile vijikaratasi vyako vya Ijumaa. Nilimsimulia Bwana Twende, naye ameviomba yeye mwenyewe. Hakuviomba kwa upole sana, lakini ameviomba.

Nikueleze na ya Alhamisi. Alifundisha sehemu ya kwanza, akafika mwisho wa ubao, akauliza kwa mazoea, "Tumeelewa?" Darasa zima likanigeukia mimi, likisubiri nianzishe. Nikafunga mdomo. Nilikuwa nimeelewa, Shangazi, na nikaufunga. Kukawa kimya mpaka tukasikia bomba la maabara linavyodondosha maji. Kisha Sindano akasema polepole, "Bado, mwalimu." Na nyuma mtu mwingine, "Bado." Na mwingine.

Bwana Twende alikuwa ameshaanza kusema "Twe." Akaimeza. Akachukua kifutio.

"Haya," akasema. "Turudi. Wapi?"

Wasalimie mume wako, pacha wote wawili, na yule jirani yako fundi viatu aliyenishonea mkoba. Baba, Mama na Bibi wanakusalimu, Bibi bila miwani. Mungu akulinde na aunyooshe mgongo wako. Tarehe 21 saa tatu asubuhi utukumbuke kwa dua, hasa mwenye jina la saba.

Ni mimi mwanao akupendaye kwa moyo wote,
Bi Maswali