Maji ya Beseni

Babati, Alhamisi, Machi 1983

Mdomo umevimba, lakini si ngumi ya Baba Paulo inayoniuma.

Tangu sabuni iadimike, sisi wauguzi wa wodi ya wazazi tunachovya mikono kwenye beseni moja la dawa, kisha tunashika watoto. Dawa ikipungua, tunaongeza maji. Siku hizi yanateleza na kunuka. Nilitaka kuyamwaga, sista, msimamizi wa wodi, akakataa: "Ukimwaga, kesho tutanawa nini?"

Leo asubuhi mtoto mchanga wa Baba Paulo amefariki. Kitovu kilioza, kikatoa usaha wenye harufu ile ile ya beseni. Baba Paulo ni mkulima wa Bagara, mtu mpole kabisa. Alinikaba koo, akanibamiza ukutani, akanipasua mdomo. Walinzi wakamshika.

Elizabeti, muuguzi mwenzangu, akachovya kitambaa kwenye beseni ili anifute damu. Nikalipiga teke, likabingirika hadi mlangoni.

"Usiniguse kwa maji hayo."

Baba Paulo akaacha kufurukuta mikononi mwa walinzi. Akatazama sakafu iliyolowa, kisha akanitazama mimi.

"Na mwanangu," akauliza taratibu, "mlimshika kwa maji gani?"