Saa Sita Bila Sindano

Sanje, 14 Machi 2025

Mdogo wangu Venance,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, mpunga umeanza kuchanua. Wewe na mkeo Devota mnaendeleaje?

Sasa tuache adabu. Utumbo wa mama ulitoboka, akafika mapokezi kwenu saa mbili asubuhi. Daktari wa upasuaji alifika saa nane, na mama akafia mezani. Kifo sikibishii, wagonjwa hufa. Nauliza moja tu: wewe tabibu wa zamu, mwanawe wa kumzaa, kwa nini saa sita zote hukumchoma sindano ya maumivu? Nijibu kwa barua. Kwenye simu huwa unasingizia mtandao.

Dada yako,
Brigitha

Lumemo, 20 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Hatujambo, ila Devota ana mafua.

Tulifundishwa hivi: tumbo likiuma, usilitulize kabla daktari wa upasuaji hajalishika, maana dawa huficha ugonjwa. Tena mama hakulia. Nilimwuliza mbele ya wauguzi, "Mama, inauma sana?" Akasema, "Kidogo, baba." Nikaandika hivyo kwenye faili. Ningefanyaje?

Mdogo wako,
Venance

Sanje, 25 Machi 2025

Venance,

Shikamoo yako siiitikii. Afya yako nitaiulizia mwaka mwingine.

Mafundisho hayo yalishatupwa zamani. Nimesoma vitabu vya wenzako: aliyetulizwa hushikika tumbo vizuri kuliko anayejikunja. Na ile "kidogo" uliiamini? Mwanamke aliyezaa watoto saba bila ukelele hata mmoja, apige kelele mbele ya wauguzi wanaokuita bosi? Alikuwa analinda jina lako. Paskazia, aliyeuosha mwili, alinionyesha khanga ya mama: pindo limetafunwa hadi nyuzi.

Basi sikiliza. Tarehe 12 Aprili ni misa ya arobaini. Watu wakishakula, utasimama mbele ya ukoo useme: "Ningeweza kumpunguzia mama maumivu, sikufanya." Usiposema, nitaisoma barua yako yote, na mafua ya Devota sitayaruka. Nataka Sanje nzima ikuone kama ninavyokuona mimi.

Dada yako, kwa damu tu,
Brigitha

Lumemo, 3 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo, uitikie usiitikie.

Nimevitafuta vitabu hivyo, nimevisoma. Umesema kweli. Nitasimama, na barua nitaisoma mwenyewe.

Lakini kuna jambo sikuliandika, nilikuwa nakuhurumia. Saa nne nilitoa simu nikupigie. Mama akanishika mkono, akasema, "Usimwite Brigitha. Atakuja kukugombeza mbele ya wenzako, nami leo sina nguvu za kumnyamazisha." Ungekuja, sindano ungeitoa kabatini kwa mikono yako. Mimi nilijua, na mama alijua. Akaona bora atafune khanga.

Hayo nayo nitayasema kama alivyoyasema. Kaa mstari wa mbele, nikuone.

Mdogo wako,
Venance