Koti Lililokunjwa

Kabianga,
Jumanne, 10 Juni 2025.

Dada yangu mpendwa Chepngeno,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na shemeji na wote mlio pamoja huko Fort Ternan. Natumaini goti lako limepata nafuu na kwamba mvua ya mawe haikuyafikia mahindi yenu. Sisi huku tu wazima wa mwili, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Naomba radhi kwa kunyamaza kwangu. Umeniandikia mara mbili tangu tumzike mwanangu Benard mwezi wa Septemba, nami sikukujibu hata mstari mmoja. Kwa miaka thelathini na minne niliwafundisha watoto wa watu kwamba kuacha barua bila jibu ni utovu wa adabu. Sasa utovu huo ni wangu. Sikukosa nafasi, dada. Nilikosa la kuandika ambalo lingekuwa kweli.

Habari za hapa si mbaya. Majani chai yamechipua sana baada ya mvua, hata wachumaji hawatoshi. Yule mtamba mwekundu amezaa ndama jike, na maziwa ni mengi, lakini mimi siyanywi. Kila asubuhi nampelekea jirani yetu Nyamusi, mjane wa Ombui. Caren, mke wa mwanangu Kipyegon, anatarajia kujifungua mwezi ujao. Kipyegon alinisomea ujumbe uliomtumia kwa simu, kwamba mtoto akizaliwa utakuja kuketi na wanawake wakubwa wa ukoo kuyaita majina ya waliotutangulia mpaka apige chafya kwa lile analolikubali, na kwamba jina la kwanza utakaloliita ni la Benard. Ulisema kwamba asipopiga chafya kwa jina hilo utamtia ugoro puani mpaka apige, kwa maana huna muda wa kubembeleza wanaume wa ukoo huu, wakubwa kwa wadogo. Caren alicheka mpaka akaketi chini. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya ghala. Ujumbe huo ndio ulionifanya nitafute kalamu.

Ili unielewe, sina budi kuanza na Ombui. Unamkumbuka, yule Mkisii aliyestaafu kazi ya shamba kubwa la chai akanunua kipande cha ardhi chini yetu, karibu na mto. Miaka minne iliyopita alijiua. Nyamusi alikuja kwangu, kwa kuwa mimi ni mwenyekiti wa wazee wa kanisa, akaomba mumewe azikwe kama watu wengine. Nilimwambia kwamba anayejitoa uhai amekwisha kujihukumu, na kanisa halina la kuongeza. Ombui akazikwa alfajiri nyuma ya ua wa miti. Kengele haikupigwa, wimbo haukuimbwa, na watoto wa jirani walikatazwa kufika. Hakuna aliyenipinga isipokuwa Benard. Aliniuliza mezani kama mtu aliyekufa kwa malaria naye huzikwa nyuma ya ua. Nilimwambia ale chakula chake.

Mwaka uliofuata akaja msichana mmoja aitwaye Vivian Nyabate. Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, akasomea saikolojia, na badala ya kutafuta ofisi mjini akarudi huku. Kila Alhamisi huketi kwenye benchi katika kituo tunakopimia majani chai. Unajua jinsi watu wanavyongoja lori pale, saa mbili, saa tatu, kila mtu na gunia lake. Vivian aliona kwamba hakuna mahali pengine ambapo mwanamume wa huku hukaa bure bila kuulizwa kwa nini amekaa. Basi huketi nao akiwasikiliza. Mwanzoni walimcheka. Osoro, karani wa mizani, alimwomba ayapime mawazo yao pia, ila asiwakate kilo mbili kwa ajili ya maji ya majani kama anavyowakata yeye. Vivian alimjibu kwamba yeye hupokea hata majani yaliyokauka. Wazee walicheka, na kuanzia siku hiyo wakaanza kusogea benchini mmoja mmoja, kila mmoja akijifanya anatafuta kivuli.

Hakukaa tu. Alisimama katika baraza la chifu akasema kwamba aliyejaribu kujiua ni mgonjwa, apelekwe hospitali, asifungiwe seli. Alikuja pia kwetu wazee wa kanisa kuomba chumba cha shule ya Jumapili, siku moja kwa wiki, ili wasiotaka kuonekana kituoni wapate mahali pa kuzungumza. Wenzangu walikuwa tayari kukubali. Mimi nilikataa. Nilisema kanisa ni mahali pa kumwambia Mungu, si mahali pa kumwambia Vivian. Maneno hayo yaliwapendeza watu, nami nikajipendeza nayo.

Wakati huo Benard alikuwa amekwisha kubadilika. Aliacha kulala. Aliacha kuchuma, yeye aliyekuwa akimaliza mistari miwili kabla Kipyegon hajamaliza mmoja. Alikuwa akiketi zizini na ng'ombe saa nzima akishika kamba tu. Nilimwita mvivu. Kisha mzee mwenzangu akaniambia kwa kicheko kwamba mwana wa Mwalimu siku hizi anapimwa kichwa kituoni.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta Benard benchini, ameinama, anasema, na Vivian anamsikiliza. Nilimshika mkono mbele ya watu wote na magunia yao, nikamwambia ainuke, nyumba yetu haina wagonjwa wa akili. Mtu mzima wa miaka thelathini na moja, akainuka kama mtoto wa darasa la pili. Vivian hakubishana nami. Aliniambia kwa upole kwamba benchi lina nafasi, Mwalimu, niketi pia. Nilimvuta Benard tukaondoka.

Njiani Benard aliniuliza swali moja tu. Aliuliza kama Ombui angekuwa mwanangu, ningemnyima kengele. Nilimjibu kwamba sheria ya kanisa haijui mwana wala jirani. Nilijibu upesi, dada, kama mtu aliyeulizwa hesabu rahisi. Alhamisi tatu zikapita, naye hakurudi kwenye lile benchi.

Sasa nifike mahali ambapo kalamu imekuwa ikinikataa tangu Septemba. Wewe na watu wote mliambiwa kwamba Benard alikufa akimfuata mtamba aliyevuka mto uliofurika, kwamba aliteleza juu ya gogo la kuvukia, akachukuliwa na maji. Mimi ndiye niliyewaambia. Mchungaji alihubiri juu ya mchungaji mwema anayemfuata kondoo aliyepotea, na wewe ulilia kwa sauti. Kengele ilipigwa. Nyimbo tatu ziliimbwa.

Benard hakuteleza. Mimi ndiye niliyemwona kwanza asubuhi ile, amekwama kwenye mizizi chini ya gogo. Ukingoni, juu ya jiwe, palikuwa na koti lake. Lilikuwa limekunjwa vizuri, mikono imeingizwa ndani kama mama yetu alivyotufundisha kukunja, na juu yake simu na kitambulisho. Mtu anayemkimbilia mtamba hakunji koti, Chepngeno.

Nami sikupiga ukelele. Ningekuwa baba, ningepiga. Nililichukua koti, nikapanda hadi zizini. Mtamba alikuwa amefungwa palepale, anacheua. Nilimfungua, nikamteremsha mtoni, nikamvusha kwa fimbo hadi ng'ambo, maji yakinifika kifuani. Kisha nikarudi ndipo nikaita watu. Mwanangu alinisubiri majini wakati mimi napanga uongo. Koti liko ndani ya sanduku langu la vitabu. Kipyegon hajui. Yeye ndiye anayekuletea barua hii, na ndiyo sababu bahasha imefungwa kwa gundi.

Nyamusi aliniona. Shamba lake liko pale pale, na alikuwa akichuma mboga. Hata hivyo alifika kwetu saa ileile akaosha vyombo, akapika siku nne, akaimba wimbo wa pili na wa tatu kaburini, nyimbo ambazo mumewe alinyimwa na mimi. Hajamwambia mtu. Mara moja tu, siku ya kwanza nilipompelekea maziwa, alisema kwamba yule mtamba wangu hakupenda maji tangu akiwa ndama, ilikuwa lazima avutwe. Kisha akanishukuru, akafunga mlango. Tangu siku hiyo nimempelekea maziwa kila asubuhi, nami najua kwamba maziwa si jibu.

Wiki iliyopita Vivian alituletea wazee barua yenye sahihi za nyumba hamsini na moja. Inaomba kwamba anayekufa kwa ugonjwa wa akili azikwe kwa kengele na kwa nyimbo kama mgonjwa mwingine yeyote, na kwamba tumpe kile chumba. Alama ya kwanza kabisa ni kidole gumba cha Nyamusi. Tutaketi kuamua Jumapili ya tarehe ishirini na mbili. Wenzangu wamegawanyika sawasawa, na kura yangu ndiyo itakayokata. Kupiga kura ya ndiyo ni rahisi, mkono tu huinuka. Lakini nikiinua mkono bila kusema nilichofanya, nitakuwa nimemvusha mtamba mara ya pili. Nikisema, watu watajua kwamba kengele ya mwanangu ilipigwa kwa uongo, na wapo watakaotaka jina lake lifutwe katika vinywa. Sijui kama naweza kusimama. Miguu ni ileile iliyoweza kuingia mtoni.

Kuhusu mtoto wa Caren, nimekuandikia kwa sababu sina haki ya kukuacha uketi pale bila kujua. Wazee wetu hawakuliita jina la mtu aliyekufa hivyo, na mimi mwenyewe nilikukanya ulipokuwa msichana usilitaje jina la yule mjomba wetu. Sasa sikupi amri. Ukiliita jina la Benard, liite ukijua. Usipoliita, sitakulaumu. Ila nikukumbushe tu kwamba alipokuwa mdogo ni wewe uliyemfundisha kupiga mluzi, na mimi niliyemkataza.

Alhamisi hii nitachukua gunia langu hadi kituoni, ingawa Kipyegon ndiye hupeleka majani. Nadhani benchi bado lina nafasi.

Msalimie shemeji, na watoto, na wajukuu wote kwa majina yao. Caren anakuombea safari njema na anasema usisahau ugoro. Nikishaamua nitakuandikia, dada yangu, lakini hutakuwa wa kwanza kusikia, uniwie radhi. Nitaanza kwa Nyamusi, nikamwambie kwa kinywa changu kile ambacho amekijua muda wote huu.

Ndimi kaka yako,
Aron Kipkirui.