Mfuko wa Koti Umehamia Kulia

Élisabethville, Jumatano

Tangu asubuhi wingu zito limetanda juu ya mji na halitaki kunyesha. Roho yangu iko juu juu. Kazini, kila nikisikia ngurumo nilisimamisha cherehani, nikachungulia nje ya baraza, kisha nikarudi kushona na kukosea palepale.

Niseme wazi, maana ndani ya daftari hili hakuna wa kunicheka: naogopa. Fedha tuliyoweka mimi na mke wangu Zaina ili tupaue nyumba yetu ya hapa mtaa wa Kenya kwa mabati, malata kama anavyoyaita Zaina, haiko tena nyumbani. Imegeuka hisa za mgodi wa shaba. Paa letu bado ni la nyasi, na pale juu ya kitanda cha binti yetu Salima nyasi zimeoza. Mvua za mwaka jana mtoto alikohoa mpaka zilipokwisha.

Hisa zenyewe alininunulia Bwana Georges, Mbelgiji anayefanya kazi benki. Mimi nashonea kwenye baraza la duka la Mgiriki mmoja, kule mjini kwa wazungu, na yeye ni mteja wangu wa siku nyingi. Kiangazi hiki kilipoanza, bei ilikuwa inapanda kila gazeti likifika kutoka Brussels. Wateja walivua makoti niwapime mabega, na mazungumzo yao yalikuwa hayo hayo. Mimi na Zaina tukakaa, tukakubaliana: miezi michache tu, kabla ya mvua, na badala ya mabati ya vyumba viwili tutapata ya nyumba nzima, pamoja na mlango mpya. Siku ile nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani. Mimi, fundi cherehani, nina kipande changu cha mgodi!

Kisha bei ikaanza kucheza. Wiki hii inashuka, wiki ijayo inapanda kidogo, halafu inaporomoka tena. Mimi nilidhani hisa inafuata kazi ya mgodi. Kwa hiyo kila nikiamka nilitazama bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyushia shaba, na nikiona linatoa moshi nilikunywa chai yangu kwa amani. Moshi haujakatika hata siku moja, na bei imeshuka vilevile. Bwana Georges ndiye aliyenieleza kwamba watu wa Ulaya wakiingiwa na hofu wanauza wote kwa pamoja, na shaba iliyoko ardhini haina habari. Tangu hapo sikujua nitazame wapi.

Siku hizi natazama makoti.

Sisi mafundi tuna kazi moja ambayo wateja hawapendi ijulikane, nayo ni kugeuza koti. Kitambaa kikipauka, unalifumua koti lote, upande wa ndani unauleta nje, unashona upya. Linarudi linang'aa, ila ule mfuko mdogo wa kifuani uliokuwa kushoto unahamia kulia. Hata uwe fundi wa namna gani, hilo huwezi kulificha. Hisa zilipokuwa juu, wote walitaka suti mpya. Sasa nageuza koti baada ya koti, na wenyewe wakipita asubuhi kwenda ofisini, macho yangu yanakimbilia vifuani mwao kabla sijaitikia salamu. Kila mfuko wa kulia nauhesabu: mwingine ameishiwa.

Leo mchana amekuja Bwana Georges mwenyewe. Nikamuuliza kama niuze. Akanipiga bega.

"Ramazani, weye ngoja tu. Bei itapanda tena. Ule muntu anauzisha sasa iko mujinga."

Nikashusha pumzi. Kisha akafungua kifurushi alichokuja nacho, akatoa koti lake la kijivu, lile nililomshonea mimi, na bila kunitazama akaniomba nimgeuzie.

Nililipokea, nikalitundika pamoja na mengine ya kugeuza.

Nilifunga kazi mapema, maana sisi watu weusi hatutakiwi kukutwa na giza mjini, nikaenda nikiwaza njia nzima. Sidhani kama ananidanganya. Pengine itapanda kweli. Lakini yeye anaweza kungoja mwaka, hata miwili. Atavaa koti lililogeuzwa, basi. Mimi nimeingiza huko fedha yenye siku yake, na siku yake ni mvua ya kwanza. Hapo ndipo nilipokosea. Kupanda na kushuka ndiyo tabia ya hisa, ila zinamtaka mtu asiye na haraka, na mimi nina haraka.

Nilifika nyumbani nimeshaamua. Nikamwambia Zaina tuuze zote kesho, hasara na tuile. Nilitegemea anishukuru. Alikuwa anasonga bukari. Akaacha mwiko ndani ya sufuria, akaniangalia.

"Baba Salima, ni juu ya mutoto unataka kuuzisha, ao ni weye unaogopa?"

Nikasema ni mtoto.

"Basi uzisha za malata ya chumba yake tu. Zingine ziache. Kama ni weye unaogopa, uzisha zote, sitakukatala. Lakini usimuweke mutoto mbele yako."

Nilinawa mikono. Tulikula, naye akaniongezea mboga kana kwamba hajasema kitu.

Nimekaa sasa na taa, na mvua bado haijaanza. Zaina amenisoma. Nilitaka kuuza zote ili nipate usingizi wangu, na kikohozi cha binti yangu nilikitumia kama kisingizio. Nimeona haya.

Kesho asubuhi nitamvizia Bwana Georges kabla hajaingia benki, nimwambie aniuzie zinazotosha chumba cha Salima, kwa bei yoyote watakayotoa. Zinazobaki zitaendelea kunitesa, najua. Nitaziogopa mwenyewe, bila kumtaja mtoto.